Ruzuku za kuhifadhi bahari: hela zinatoka wapi, na kwa nini doria hufa mradi ukiisha

Kasa_Mwamba (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa uvuvi haramu kuna mdau aliuliza swali na hakuna aliyemjibu. Kila mwaka tunasikia mamilioni ya dola ya kulinda bahari, sasa mbona boti ya doria kijijini kwao imepandishwa juu ya magogo na haina hata lita moja ya mafuta? Nimekaa upande wa hesabu kwenye asasi za mwambao kwa muda, kwa hiyo najibu hapa. Nitashusha kwa vipande.

Kwanza, mamilioni hayo si mengi kama yanavyosikika. Katika fedha zote zinazotolewa na taasisi za hisani duniani, fungu la bahari halifiki asilimia moja. Elimu, afya, dini na vyuo vikuu vya huko huko kwao viko mbele kwenye foleni. Na hicho kidogo kikitoka, hakiji Kilwa moja kwa moja.

Wanaotajwa sana ni wakfu za familia tajiri za Marekani na Ulaya: Packard (wa Hewlett-Packard, ndio waliofadhili ujenzi wa Monterey Bay Aquarium kule California), Moore, Walton wa maduka ya Walmart, Oak ya Uswisi, na Bloomberg. Huyu wa mwisho mwaka 2018 alitangaza dola milioni 86 za bahari kwa nchi 10, na Tanzania ilikuwemo. Gawanya kwa nchi 10, gawanya tena kwa miaka ya mpango, toa cha mashirika makubwa yanayopokea kwanza, ndipo uje kwenye kata yako.

Halafu kuna fedha za umma zinazopita kwenye mifuko. Blue Action Fund ya Ujerumani, iliyoanzishwa 2016, inazipa asasi fedha za maeneo tengefu ya baharini. Kwa sisi wadogo, mlango unaofahamika zaidi ni ule mpango wa ruzuku ndogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani) unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992. Kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa dola 50,000 kwa mradi, na maamuzi yanafanywa na kamati iliyoko hapa hapa nchini.

Jambo moja nataka mlishike, nitalirudia. Sheria ya Marekani inaitaka wakfu binafsi itoe kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali yake. Zile 95 zinabaki kwenye uwekezaji, zinazaa. Ndiyo maana wakfu ya mtu aliyefariki miaka mingi bado inagawa hela leo.

Naendelea...

Mzalendo_wa_Chongoleani

Nimekaa paleee na kahawa chungu. Tiririka mkuu.

Jongoo_Bahari

Mkuu usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hela zinakuja, tunaziona. Gari jipya, warsha hotelini siku tatu, fulana zenye picha ya kasa, kisha mnapotea. Kwetu walikuja wakatuhesabu kaya zote, wakapiga picha watoto ufukweni, mpaka leo. Hao wafadhili hawana kosa, kosa ni nyie wa kati.

Kasa_Mwamba

Jongoo, wapo wanaokula, sibishani na wewe. Lakini ngoja nikuonyeshe mradi ambao hakuna aliyekula hata senti, halafu uniambie boti iko wapi baada yake.

Tuchukue mfano wa dola 50,000 kwa miezi 18. Kwa shilingi 2,500 kwa dola ni milioni 125. Sikia zinavyokwenda.

Doria: lita 40 kila ikitoka, mara 8 kwa mwezi, mafuta tuyaweke shilingi 3,000 kwa lita. Hiyo ni 960,000. Walinzi watano, posho 20,000 kila mmoja, mara 8, ni 800,000. Jumla milioni 1.76 kwa mwezi, kwa miezi 18 ni milioni 31.68. Robo ya mradi, na hii ndiyo kazi yenyewe. Hapa ndipo makokoro yanapokamatwa.

Watumishi wawili wa mradi kwa milioni 1.2 kila mmoja: milioni 43.2. Kutengeneza boti na injini: 15. Mikutano na mafunzo ya BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe): 12. Wapiga mbizi wa kupima matumbawe, maana mfadhili anataka takwimu za kabla na baada: 10. Mkaguzi wa hesabu: 5.

Jumlisha. Imebaki milioni 8.12 kwa pango, umeme, intaneti na mhasibu, yaani kama 451,000 kwa mwezi kwa vyote hivyo. Wafadhili wengi hilo fungu la uendeshaji ndilo wanalolibana, utasikia mwisho asilimia 7. Serikali ya Marekani yenyewe kwa ruzuku zake ilikuwa inakubali asilimia 10 kwa asiye na kiwango alichokubaliana nao, ikapandisha hadi 15 Oktoba 2024. Kwa hiyo mhasibu analipwa kidogo, anaondoka katikati ya mradi, ripoti inachelewa, awamu ya mwisho ya fedha inazuiliwa, doria inasimama hata kabla ya miezi 18 kuisha.

Na hiyo ni shilingi ikiwa imetulia. Mwishoni mwa 2024 dola ilishuka kutoka zaidi ya 2,700 hadi karibu 2,400 ndani ya miezi michache. Aliyeandika bajeti kwa 2,700 alikuwa anatarajia milioni 135, akapokea 120. Milioni 15 zimeyeyuka, karibu nusu ya doria yote, na mkataba haubadiliki.

Binti_Msambweni

Nikiwa Kwale hapa, Kenya. Kwetu Gazi tulipita njia nyingine, wacha niweke.

Mikoko Pamoja ilianza kuuza hewa ukaa 2013, yaani kulipwa kwa kaboni inayonyonywa na mikoko: hekta 117 za mikoko, kama tani 3,000 kwa mwaka. Ndio mradi wa kwanza duniani wa kijiji kuuza kaboni ya mikoko. Hela inaingia kila mwaka, wananchi wanakaa baraza wanaamua: maji, vitabu vya shule, kulinda na kupanda mikoko. Sio mfadhili anayewaambia. Mwaka 2017 wakapata tuzo ya Ikweta ya UNDP. Vanga nao wakafuata 2019 na eneo kubwa zaidi.

Lakini watu husahau kuuliza kabla ya 2013 kulikuwa na nini. Kulikuwa na utafiti wa miaka mingi wa KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya), kina Dkt. James Kairo, pamoja na vyuo vya nje kama Edinburgh Napier. Kupima miti, kupima udongo, kuandika hati za Plan Vivo, wanaothibitisha kaboni kabla haijauzwa. Yote hiyo ni ruzuku. Hakuna kijiji kingejilipia. Kwa hivyo anayewaambia "fanyeni biashara ya kaboni muachane na wafadhili" muulizeni nani atalipa miaka ya mwanzo.

Kasa_Mwamba

Umeongea vizuri sana dada. Nakazia. Ruzuku inafaa kujenga kitu kitakachojilipa, shida ni kwamba doria haiuzi chochote. Mkoko unauza kaboni, mwamba wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, unauza vitanda kwa watalii. Sehemu kubwa ya pwani yetu haina soko la namna hiyo. Nani atapanda ndege kuja kulala kwenye fukwe zetu za tope?

Chumbe yenyewe mnaijua: hifadhi ya bahari tangu 1994, ya kwanza duniani kuendeshwa na kampuni binafsi, wageni wakaanza kupokelewa 1998. Walinzi wake walitoka kwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Mtalii analipa, mlinzi analipwa, watoto wa shule wanapelekwa kuona matumbawe. Kisha ikaja 2020, ndege zikasimama, na kila hifadhi inayokula mkono wa mtalii ikatikisika.

Mpemba_Asilia

Yakhe, nnasoma tu hapa roho inaniuma.

Sisi Kisiwa Panza miamba ya pweza inafungwa miezi mitatu, kisha bamvua likija inafunguliwa. Siku ya kufungua watu wanamiminika, wanawake na vikapu vyao, pweza wakubwa skwambii. Hii ya kufunga ilianza kule Madagascar, Andavadoaka, 2004, ndo ikasambaa. Huhitaji kuwa msomi kuifahamu faida yake, ukiona mzani umeshafahamu.

Tabu ni ile miezi mitatu. Anayelinda usiku nani? Wezi wanakuja na taa kutoka vijiji vyengine. Kamati ya wavuvi ya shehia inataka mafuta, inataka tochi, inataka posho ya kijana asiyelala. Mradi upo, kijana yupo. Mradi ukenda, kijana anarudi kwenye dago lake, na mwamba unaibiwa wiki moja kabla ya kufunguliwa. Hapo mtu atakwambia kufunga mwamba hakuna maana.

Na hili la mtaji usioguswa wazee wetu walilijua. Mtu anaweka minazi yake wakfu, haiuzwi, hairithiwi, nazi zinalipa mafuta ya taa ya msikiti mpaka wajukuu wa wajukuu. Kwa nini hao wazungu wasituwekee minazi, kila siku wanatuletea madafu?

Jongoo_Bahari

Hahaha madafu 😂 Ila mzee, na wakfu ngapi zimeliwa na wasimamizi? Tuambiane ukweli.

Mpemba_Asilia

Zimeliwa nyingi wallahi. Lakini zilizosimama zimesimama miaka mia.

Kasa_Mwamba

Mpemba umenitangulia, nilikuwa nakuja huko huko.

Rudini kwenye ile asilimia 5. Mfadhili mwenyewe haishi kwa mradi. Ana mtaji, anatumia kipande kidogo kila mwaka, mtaji unabaki. Lakini kijiji anakipa hela yenye tarehe ya kufa, na ikibaki hata dola 200 kwenye akaunti anataka irudishwe. Anatuambia tuwe "endelevu" huku ametunyima kitu kile kile kinachomfanya yeye awe endelevu.

Sasa hesabu. Doria yetu ni milioni 1.76 kwa mwezi, kwa mwaka milioni 21.12. Ili asilimia 5 izae kiasi hicho unahitaji mtaji wa milioni 422.4, kama dola 169,000. Hiyo haifiki hata miradi mitatu na nusu ya dola 50,000. Kuna ghuba ninazozijua zimepitiwa na miradi zaidi ya hiyo, na leo hazina mafuta.

Na msiniambie Tanzania haiwezekani. Milima ya Tao la Mashariki ina mfuko wake, EAMCEF, makao Morogoro, umesajiliwa 2001, GEF ikaweka mtaji wa dola milioni 7. Hela inawekezwa, faida inakwenda Usambara, Uluguru, Udzungwa. Milima imewekewa, bahari je? MACEMP, mradi wa serikali wa mazingira ya bahari na pwani, ilipoanza 2005 kwa fedha za Benki ya Dunia, mfuko wa kudumu wa bahari ulikuwa kwenye mipango yake. Mimi sijakutana na BMU iliyowahi kununua mafuta kwa hela ya mfuko huo.

Mwana_wa_Diaspora

Habari za jioni. Nipo Ulaya, nafanya kazi kwenye taasisi inayotoa ruzuku za mazingira, nasoma maombi kama hayo. Naomba niseme upande wetu bila kuitaja ofisi.

Hoja ya mtaji huwa inaletwa mezani na huwa inakufa kwenye bodi. Sababu ya kwanza hawaitaji wazi: ukishatoa mtaji umepoteza mkono wako. Ruzuku ya miaka miwili unaweza kutoiongeza, mtaji ukishaondoka umeondoka. Ya pili, wajumbe wa bodi wanataka kitu cha kuonyesha ndani ya miaka mitatu, na faida ya asilimia 5 haipigwi picha.

Ya tatu ni ya kisheria na inawaumiza sana wadogo. Wakfu ya Marekani ikitaka kuipa asasi ya nje lazima ama ipate uthibitisho wa kitaalamu kwamba asasi hiyo inafanana na asasi ya hisani ya kwao, ama ifuatilie kila dola kwa mkataba maalumu na ripoti zake. Kazi hiyo kwa ruzuku ya dola 20,000 ni karibu sawa na ya dola 500,000. Kwa hiyo afisa anachagua shirika kubwa ambalo lina karatasi zote, linaligawia shirika la pili, na la pili linawagawia nyie. Kila kituo kinakata chake. Si wizi, ni ofisi na wahasibu, lakini mwisho wa njia kinachofika ni kile mnachokiona.

Pia mnapoandika maombi mnatudanganya kidogo, samahani. Mnaandika kwamba "baada ya mradi jamii itaendeleza doria yenyewe". Tunajua si kweli, nanyi mnajua, na bado tunasaini wote wawili.

Kasa_Mwamba

Hiyo sentensi ya mwisho nimeiandika mwenyewe kwenye maandiko mengi tu. Usipoiandika hupiti mchujo wa kwanza.

Jongoo_Bahari

Sawa, hapo nimewaelewa. Ila dola 169,000 kijijini nani atazishika? Mwenyekiti wa BMU akibadilika tu, hela imehama naye. Na hiyo asilimia 5, bei ya mafuta ikipanda kila mwaka na mtaji umekaa pale pale, baada ya miaka kumi unanunua nusu tanki.

Kasa_Mwamba

Hoja zote mbili ni za kweli. Ndiyo maana sisemi kila kijiji kiwe na mtaji wake. Uwe mmoja wa pwani nzima, usimamiwe na watu wa uwekezaji, vijiji viombe kila mwaka. Na usitumie faida yote, sehemu irudi kwenye mtaji kuziba mfumuko wa bei. Maana yake mtaji lazima uwe mkubwa kuliko hesabu yangu ya juu juu, tuseme mara mbili kwa kila eneo. Bado si hela ya kutisha ukilinganisha na zilizokwishapita.

Shelisheli wameshafanya. Mwaka 2016, The Nature Conservancy ilisaidia nchi ile kununua deni lake la dola milioni 21.6 kwa wadai wa Paris Club (kundi la nchi zinazokopesha nyingine). Fedha ya kununulia ilikuwa mkopo wa dola milioni 15.2 na hisani ya dola milioni 5, na wakfu ya Leonardo DiCaprio ilichangia. Serikali sasa hailipi Paris, inalipa kwenye mfuko wao wenyewe unaoitwa SeyCCAT. Sehemu inarudisha mkopo, sehemu inagawiwa ruzuku ndani ya nchi kila mwaka, sehemu inawekwa akiba ya kudumu. Oktoba 2018 wakaongeza hati fungani ya buluu (mkopo wa wawekezaji kwa ajili ya bahari) ya dola milioni 15, milioni 3 zikaenda kwenye ruzuku hizo. Machi 2020 wakatimiza ahadi ya kuhifadhi asilimia 30 ya bahari yao.

Ninachokipenda mimi pale si hiyo asilimia 30. Ni kwamba chama cha wavuvi wa Shelisheli kinaomba ruzuku kwa rupia, kwa ofisi iliyoko kisiwani, mbele ya bodi yenye watu wa serikali, asasi na sekta binafsi wa nchi ile. Ile hisani ya milioni 5 ilitolewa mara moja na inaendelea kufanya kazi.

Binti_Msambweni

Ni kweli lakini pia tuseme Shelisheli ni nchi ndogo, watu kama laki moja, waziri anajuana na mvuvi. Huku kwetu hela ikipitia serikali, kaunti na Nairobi watavutana mpaka boti ioze.

Kasa_Mwamba

Hapo sina jibu zuri. Ndiyo maana nimetaja EAMCEF kabla ya Shelisheli: iko hapa hapa nchini na imepita awamu kadhaa za serikali.

Mzalendo_wa_Chongoleani

Mkuu na hii ya USAID, shirika la misaada la Marekani, kufungwa imewagusa?

Kasa_Mwamba

Imegusa kila mtu. Hiyo si hisani, ni kodi ya Wamarekani, lakini miradi kama Heshimu Bahari ilikuwa chini yao. Januari 2025 misaada ikasimamishwa kwa amri, Julai 1 shirika lenyewe likafunga kazi. Kilichofuata ni kwamba mashirika makubwa yaliyozoea fedha ile nayo yamekuja kugonga milango ya Packard na Oak. Sisi wadogo sasa tunashindana na watu wenye idara nzima ya kuandika maandiko.

Niseme na hili, lisije likaeleweka kwamba ruzuku hazijafanya kitu. Baruti ya kuvulia samaki hapa kwetu imekatazwa tangu 1970 na ilipigwa miaka yote hiyo, Tanga na Dar watu waliisikia kama ngoma. Ilipungua sana kuanzia 2016, vyombo vya dola vilipoungana. Na kabla ya hapo, ni fedha za wafadhili zilizolipia vinasa sauti vya chini ya maji vilivyohesabu milipuko, ikawa hakuna tena wa kusema haipo.

Mama_Mwani

Samahanini kuingilia. Sisi ni kikundi cha akina mama wa mwani na pweza, Mtwara. Hatuna hata gari la kutupeleka Dar. Tunaanzia wapi?

Kasa_Mwamba

Mama shikamoo. Anzeni na ile ruzuku ndogo ya GEF, hapo mnaweza kuandika kwa Kiswahili, na nguvu kazi yenu inahesabiwa kama mchango. Kabla ya hapo mhakikishe mna katiba, usajili halmashauri, akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na daftari la mapato na matumizi la angalau mwaka mmoja hata kama ni ya elfu kumi kumi. Wakija kuwakagua hilo daftari ndilo watakalofungua kwanza.

Kama mtakuja kusajiliwa kama asasi kamili, kumbukeni kanuni za 2018: mkataba wa ruzuku unaozidi shilingi milioni 20 unatakiwa ufike kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 baada ya kusaini. Wengi wanaingia matatani hapo bila kuiba chochote.

Na kwenye bajeti wekeni mshahara wa mtunza hesabu, hata nusu siku. Mkiulizwa kwa nini, waulizeni na wao kama ofisi yao haina mhasibu.

Mama_Mwani

Marahaba mwanangu. Hilo daftari tunalo, ila limeandikwa kwa penseli.

Kasa_Mwamba

Msilifute. Kuanzia kesho andikeni kwa kalamu ya wino, na risiti zote zibandikwe.